Hasikii Kabisa

Elikana alipewa mipira ishirini, akatupa ishirini, na kumi na saba ikaingia kikapuni. Kati ya hiyo kumi na saba, hakuna hata mmoja uliogusa ubao. Watu waliosimama kandokando ya kiwanja cha saruji mjini Muyinga walianza kuhesabu kwa mzaha, wakaendelea kwa mashaka, na kufikia mpira wa kumi na mbili walikuwa wamenyamaza, kama watu wanavyonyamaza mbele ya jambo wanaloogopa kulisifu mapema.

Donatien, kocha wa klabu moja ya Gitega, hakusifu. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kutafuta mchezaji mmoja, na miaka kumi na sita ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba kijana anayefunga akiwa peke yake ameishinda hewa tu. Akaamuru vijana wagawanywe watano kwa watano.

Mchezo ulidumu dakika ishirini. Katika muda huo, fundi cherehani mmoja mfupi ambaye Elikana alipewa amkabe alimpita mara saba, na mara ya saba alimpita akicheka. Elikana alijaribu kuudunda mpira mara mbili. Mara ya kwanza ulimgonga mguu wake mwenyewe ukaenda kwa watazamaji. Mara ya pili ulikwenda huko huko, kana kwamba umeshaijua njia. Donatien alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama: "Aide! Aide, petit! Écran! Aide!" Kila alipoita, Elikana aligeuka, akawatazama wenzake kwa adabu, akasubiri.

"Unaona?" Donatien alimuuliza mtu aliyesimama kando yake na daftari.

Mtu huyo aliitwa Namegabe. Alikuwa Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge katika soko la Gitega, na siku za mapumziko alizunguka mikoani kuitafutia klabu wachezaji, bila malipo, kwa sababu ambazo mkewe Cibalonza alikuwa ameacha kuziuliza.

"Naona," alisema Namegabe. "Mukono iko ya Mungu."

"Na miguu iko ya nani?"

"Miguu, bon. Miguu iko bado."

"Huyu anakinga sawa mulango ya kanisa, Namegabe. Kila mutu anaingia."

"Kanisa pia iko na faida yake, coach."

"Ya kupoteza match?"

Namegabe alimfuata kijana aliyekuwa akivua viatu vya kuazima, akamuuliza kwa nini hakutumia ubao hata mara moja.

"Kule tulikokulia, kambini ng'ambo ya Malagarasi, pete ilifungwa juu ya nguzo," Elikana alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanzania, kilichonyooka. "Ubao haukuwepo. Mpira usipoingia unateremka hadi bondeni, na aliyeutupa ndiye anayeufuata."

"Na kudunda, je?"

"Mpira wenyewe tuliujaza matambara. Haukudunda."

Namegabe aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Klabu ilikuwa ya karakana moja ya uchomeleaji. Mchezaji atakayechukuliwa angepata kitanda nyuma ya karakana, chakula cha mchana na ufundi wa kuchomelea. Nafasi ilikuwa moja, nayo ilikuwa na mshindani mwingine, Joël wa Bukirasazi, aliyekuwa na urefu wa karibu mita mbili na ambaye kikapu kilikuwa bado hakijamzoea. Wote wawili wangeonwa Gitega siku ya Alhamisi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Elikana hakulisema. Asubuhi ile walipewa fomu ya kujaza. Penye neno "lugha", vijana sita waliomtangulia waliandika "Kifaransa", naye akaandika hivyo hivyo. Alikuwa amesoma kwa Kiswahili, na nyumbani waliongea Kirundi. Kifaransa alikijua kwa kukiona kwenye magunia ya msaada.

Jioni ile Namegabe alimkabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne, ampelekee baba yake. Donatien angeiandika kwa Kifaransa; Namegabe, kwa heshima, aliiandika kwa Kiswahili, tena akajitahidi kukinyoosha, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba watu waliorudi kutoka Tanzania hawapendi kikipinda.

*

Kasiano, baba yake Elikana, aliisomea karatasi hiyo uani kwake, Gasorwe, akiwa amesimama, kama alivyokuwa akisoma matangazo kanisani. Theodosia, mkewe, alikuwa akipepeta maharagwe. Elikana alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"'Elikana wa Kasiano,'" alisoma. "'Kutupa: vizuri sana, kumi na saba kwa ishirini. Kudunda mpira: bado. Kukinga: bado.'" Akatua, akaisogeza karatasi mbali na macho, kisha akaisogeza karibu. "'Hasikii kabisa. Alhamisi aje Gitega pamoja na mzazi, tuone kama inawezekana.'"

Ungo wa Theodosia ulisimama.

"Rudia hapo," alisema.

"'Hasikii kabisa.'"

Kasiano aliikunja karatasi. Tangu warudi, miaka miwili sasa, alikuwa amestahimili mengi. Alistahimili kuitwa Mtanzania katika mlima aliozaliwa. Alistahimili kugawana na mdogo wake, Longino, shamba ambalo aliliacha likiwa zima. Alistahimili kuona jembe la mwanawe likikwaruza ardhi kama kuku. Kitu kimoja tu alichorudi nacho kikiwa hakina doa ni sifa ya kulea watoto wanaotii, na kitu hicho sasa kilikuwa kimeandikwa kinyume, kwa kalamu, na mgeni.

"Ulimjibu nini kocha?" alimuuliza mwanawe.

"Sikumjibu kitu, baba."

"Alipokuita?"

"Nilinyamaza."

"Umesikia, Mama Elikana? Mtu mzima amesafiri kutoka Gitega, anamwita, naye ananyamaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu ataanza na mguu, na miguu yenyewe wameshaandika kwamba bado."

"Miguu hawakuandika," Theodosia alisema.

"Kukinga ni miguu."

Elikana angeweza kueleza. Angesema kwamba kocha aliita kwa Kifaransa, na yeye hakujua anaitwa nani. Lakini maelezo hayo yangefika kwenye fomu, na fomu ingefika kwenye uongo. Kati ya mtoto mkaidi na mtoto mwongo alipima haraka kiasi alichoweza, akachagua ukaidi, kwa kuwa huo haukuwa na saini yake.

Theodosia alikuwa na wazo lake. Elikana alipokuwa na miaka minne aliugua masikio, yakatoka usaha kwa majuma mawili, na mganga wa zahanati aliwapa dawa ya matone bila kuinua macho. Alisubiri mumewe aondoke. Kisha akapita nyuma ya mwanawe, akasimama hatua kumi, akanong'ona:

"Kuna ndizi moja imebaki."

Elikana aligeuka. "Iko wapi?"

"Anasikia," Theodosia alijiambia, na badala ya kufarijika alihuzunika, maana maradhi yangekuwa na dawa.

*

Kwa desturi ya nyumbani kwao, mtu haendi kuomba radhi akiwa mikono mitupu. Huenda na pombe ya ndizi, urwarwa, na ukubwa wa chombo huonyesha ukubwa wa kosa. Migomba ya Kasiano ilikuwa bado michanga. Ilimbidi aende kwa Longino.

"Lita ngapi?" aliuliza Longino.

"Kumi."

"Kumi ni za mtu aliyechoma nyumba. Mtoto kafanya nini?"

"Hasikii."

"Kwa mambo ya mpira?"

"Kwa mambo ya adabu. Mpira ni mahali tu ilipoonekana."

Longino alimpa dumu la lita kumi, kwa sharti kwamba Elikana amlimie siku mbili. Elikana alilima Jumatatu na Jumanne. Jumanne jioni Longino alipita kukagua, akaitazama mistari ya mihogo kwa muda mrefu, akasema kwamba dumu angelitoa bure kama angejua.

"Ndugu yangu, huyu mpeleke kwenye mpira," alimwambia Kasiano. "Mkibaki naye hapa mtakufa njaa wote."

Kasiano alijua. Ndiyo sababu hakuwa amelala vizuri tangu Jumamosi. Nusu ya shamba isingelisha nyumba ya pili, na fundi wa kuchomelea hahitaji shamba. Kama radhi hiyo isingekubaliwa, hakuwa na kitu kingine cha kumrithisha kijana wa miaka ishirini isipokuwa jembe ambalo hakulijua.

*

Walifika Gitega Alhamisi kabla ya saa nne. Kasiano alivaa koti la kanisani na kulibeba dumu mwenyewe, akikataa kusaidiwa, kwa sababu anayeomba radhi habebewi. Kiwanja kilikuwa nyuma ya karakana. Joël wa Bukirasazi alikuwa ameshafika, ameketi chini, na hata hivyo alionekana amesimama. Donatien na Namegabe waliinuka kumpokea mgeni.

"Mimi ndimi baba wa huyu asiyesikia," alisema Kasiano. Alikuwa ameitunga hotuba hiyo njia nzima ya Karuzi. "Kosa la mtoto ni la mzazi. Tumelea ugenini, pengine tulikosea. Nimekuja kuomba radhi, na kwa desturi yetu sikuja hivi hivi."

Akaliweka dumu mbele ya kocha. Donatien alimtazama Namegabe.

"Anaomba radhi ya nini?"

"Mi sijue."

"Weye njo uliandika."

Namegabe alimgeukia Kasiano kwa upole mkubwa. "Mzee, radhi ya nini?"

"Ya kutosikia."

"Lakini kutosikia hapana makosa, mzee. Hata mi mwenyewe, kufika hapa Gitega, sikukuwa nasikia. Nilianza kusikia polepole."

Kasiano aliwaza. Katika maisha yake hakuwahi kukutana na mtu mzima aliyeutangaza ukaidi wake kwa utulivu namna hiyo.

"Nani alikurekebisha?" aliuliza.

"Wateja."

"Walikuchapa?"

"Wanichape ju ya nini?" Namegabe sasa alikuwa ameanza kuona kwamba mazungumzo yanakwenda mahali asipopajua, akaamua kuyarudisha kwenye mfano ulio wazi. "Tuseme weye, mzee. Kifaransa unasikia?"

"Nakisikia redioni kila asubuhi. Sikielewi."

"Njo ivyo. Basi na weye hausikii."

Mafundi wawili waliokuwa wakichomelea lango la chuma waliacha kazi, wakainua vioo vyao vya uso. Kasiano alifungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena.

"Mwanangu umemwandika, nikanyamaza," alisema. "Nimebeba lita kumi kutoka Gasorwe, nikanyamaza. Sasa na mimi sisikii? Mbele ya mwanangu?"

"Mzee, mi sijakutukana."

"Elikana, chukua dumu. Tunarudi."

Hapo Elikana alielewa. Kati ya watu wote waliosimama pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekaa kiwanjani na vijana wa Muyinga na kuwasikia wakiulizana, "Unasikia Kiswahili? Unasikia Kirundi?" Neno lilikuwa moja, na kila upande ulikuwa umeshika kipande chake. Aliona pia kwamba angeweza kulibeba dumu, wakarudi Gasorwe, na fomu ikabaki ndani ya faili. Kisha angelima.

"Baba," alisema, "hajakutukana. Kwao kusikia lugha ni kuielewa. Aliandika kwamba sielewi Kifaransa."

"Eee!" alisema Namegabe. "Si njo ile niliandika?"

Kasiano aliitoa karatasi mfukoni, akaisoma upya, kimya, akisogeza midomo. Kwa muda wa pumzi chache uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

Lakini Donatien alikuwa amefungua faili.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hapa petit aliandika mwenyewe. Lugha: Kifaransa."

"Nilidanganya," Elikana alisema. "Wote waliotangulia waliandika hivyo. Niliogopa nikiacha wazi mtanifuta."

"Na mi nikiita aide, aide, weye ulifikiri nini?"

Elikana alitazama viatu vyake.

"Nilidhani ni jina la mchezaji. Edi. Nikawa namsubiri aje."

Joël wa Bukirasazi aligeuza uso wake ukutani, na mabega yake marefu yakaanza kutikisika.

"Aide ni saidia," Donatien alisema hatimaye, polepole. "Mwenzako akipitwa, mwenye iko karibu anakuja kumusaidia. Dakika ishirini mi namuita weye."

"Sasa najua, kocha."

Kasiano aliinama, akalisukuma dumu mbele kwa mkono wake, hadi likagusa ncha ya kiatu cha kocha.

"Basi kosa limepatikana," alisema. "Uongo. Naomba radhi."

*

Dumu lilipokewa, likawekwa kivulini, na mtihani ukaanza. Donatien aliamuru kila neno liitwe kwa Kiswahili. Haitakuwa kweli kusema kwamba Elikana aligeuka mchezaji mwingine. Mpira ulimgonga mguuni ukamtoka kama kawaida. Alipitwa mara nne, na waliompita hawakuhitaji ustadi wowote. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii alipitwa akiwa mahali alipotakiwa.

Joël alidaka kila kitu kilichopita juu ya kichwa cha mtu wa kawaida. Alitupa mara kumi, akafunga moja, kwa ubao, na uso wake ulionyesha kwamba hakuikusudia. Elikana alipewa mipira kumi kutoka pembeni, mahali pagumu kuliko pote. Akafunga nane, na ule wa nane ulipita katikati ya pete bila kuitikisa.

Karibu na mwisho, beki mmoja alipitwa upande wa kulia na Joël akawa anakuja peke yake, hatua ndefu, mpira juu. "Saidia!" Donatien aliita. Elikana aliacha mtu wake, akakimbia, akasimama. Hakuruka wala hakunyoosha mikono, kwa kuwa hayo hakuwa amefundishwa. Alisimama tu. Joël alimgonga, wakaanguka wote wawili, mpira ukatoka nje, na Elikana akainuka na damu kwenye kiwiko.

"Hiyo ni makosa ya Joël," Namegabe alisema upesi.

"Nimeona," alisema Donatien.

Aliwaita wote chini ya paa la karakana. Alikuwa mtu asiyependa kurefusha habari mbaya.

"Kitanda iko moja. Urefu haufundishwe. Joël anabaki."

Joël aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa na kimo cha wengine. Kasiano alianza kutafuta kofia yake.

"Na mukono, coach?" Namegabe aliuliza. "Mukono inafundishwa?"

Donatien aliitazama pete kwa muda.

"Naweza kufanya hivi," alisema. "Nitamuandikia leseni ya kucheza. Anaingia dakika tano, anatupa, namutoa. Kwa défense, namuficha mu pembe. Watu hawatamuona."

Lilikuwa pendekezo jema, na kocha yeyote mwenye akili angelitoa. Elikana alikuwa ameshafungua mdomo kushukuru.

"Hafichwi," Kasiano alisema.

"Mzee?"

"Tumejificha porini, tumefichwa na watu, tumejificha tena. Imetosha. Kama kukaba hajui, afundishwe mbele ya wanaoangalia."

"Mzee, watu watamucheka."

"Walianza kutucheka tuliposhuka kwenye lori. Hajafa."

Donatien aliyapima maneno hayo kama alivyopima wachezaji, akitafuta kasoro. Aliyemwona mbele yake ni mtu asiye na chochote anayekataa nusu ya alichopewa, na jambo hilo lilimkera, kisha kero ikapungua.

"Saa kumi na mbili asubuhi, kila siku," alisema. "Kudunda, mukono ya kushoto, saa moja nzima. Baadaye défense. Karakana anaingia sawa wengine, moto anajifunza sawa wengine. Miezi tatu. Kama bado iko mulango ya kanisa, anarudi."

"Na atalala wapi?" aliuliza Kasiano, ambaye hakupenda ahadi zisizo na paa.

Wote walimtazama Namegabe. Namegabe alitazama dumu.

Cibalonza alipewa habari hiyo mchana ule ule, katika stoo ya vitenge sokoni, mumewe akiwa amesimama nyuma kidogo ya mgeni. Alimkagua Elikana kuanzia kiwiko hadi viatu.

"Unaweza kubeba balo ya vitenge?"

"Naweza, mama."

"Hautupe vitenge vyangu sawa unatupa mupira?"

"Hapana, mama."

"Basi utalala hapa kati ya mabalo. Baridi haitakupata. Panya, sijui."

*

Karatasi ya pili ilifika Gasorwe mwezi wa tatu tangu Elikana abaki Gitega, imekunjwa mara nne kama ya kwanza. Theodosia alikuwa akimenya viazi. Hakuwa amefika Gitega, na mumewe, aliporudi mikono mitupu, alikuwa amemweleza matokeo tu: kwamba mtoto amebaki, kwamba dumu limepokewa, kwamba kulikuwa na neno moja lililoeleweka vibaya. Mengine alikuwa ameyaweka.

Kasiano alisimama, akasoma kwa sauti, kwa kuwa Longino alikuwa amepita kuuliza habari na hakuwa na haraka ya kuondoka.

"'Kutupa: kama zamani. Kudunda: bado. Kukinga: bado kidogo. Kuchomelea: ametengeneza dirisha, linafungika. Coach amesema abaki.'" Akatua. "'Anasikia.'"

"Anasikia namna gani?" Longino aliuliza. "Ya kwao au ya kwenu?"

"Hawakuandika."

Kasiano aliyapitia maneno hayo tena, akayasoma kwa maana ya kwanza, kisha kwa ya pili, na kwa kuwa hakuona kasoro katika yoyote, aliyaacha yote mawili. Chini ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja zaidi.

"'Huku wenzake wanamwita Edi.'"

Kisu cha Theodosia kilisimama katikati ya kiazi.

"Edi ni nani?"

Kasiano aliikunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, pamoja na ile ya kwanza.

"Ni mchezaji mmoja aliyekuwa akisubiriwa," alisema. "Amefika."